Marudio

Niliiandika programu hii kwa majuma matatu ya Januari,
theluji imefika kwenye kitasa cha mlango wa banda,
kwa sababu Tarvo, kaka yangu, alitaka idadi.
Sitaki sifa, alisema. Idadi.
Mfuga nyuki asiyejua ana mizinga mingapi
ni mpita njia tu msituni.

Basi kila siku, saa kumi na moja kasorobo alfajiri,
inaamka kabla yangu hapa Viljandi,
inafungua daftari la seva, mistari elfu nne na ushei,
inaanza kupepeta.
Hutoa kwanza roboti, wazururaji wale
wanaogusa kila faili na kwenda zao bila kusikia neno.
Kisha waliokatikia njiani,
waliopakua kipande kisichotimiza dakika.
Kisha marudio:
anwani ileile, kipindi kilekile, ndani ya saa ishirini na nne,
hesabu mara moja.
Mstari wa mia na kumi na mbili. Niliuonea fahari.
Elfu nne zikabaki mia tatu na sita.
"Umetunyonyoa," Tarvo akasema, akacheka hadi akakohoa.

Muhtasari huja mfupi kama risiti ya duka:
Kipindi cha 19, Kusikiliza Mzinga Wakati wa Baridi: 14.
Tartu 5. Riga 2. Tampere 2. Võru 1.
Na mtu mmoja wa Hobart, upande wa pili wa dunia,
asiyekosa hata kipindi kimoja cha podikasti yetu,
ambaye Tarvo alimwita shemeji.

Tarvo alifariki mwezi wa tatu. Moyo.
Walimkuta bandani, glavu moja mkononi.
Vipindi vilisimama kwenye sabini na tatu.
Programu hakuna aliyeiambia.
Iliendelea kuniandikia, kwa adabu ileile:
Jana 11. Jana 9. Jana 9.
Nikawa naifuta barua kabla ya kuifungua.

Novemba ikaja ankara ya seva,
euro sita za ziada, data imezidi kiwango.
Imezidije, nikajiuliza, na wasikilizaji ni tisa?
Nikaketi na daftari lenyewe, bila chekeche.

Võru, kipindi cha 19, saa nane na dakika nne usiku.
Võru, kipindi cha 19, saa nane na dakika kumi na saba.
Võru. Võru. Saa tisa unusu. Võru.
Mara thelathini na nane kwa usiku mmoja,
na usiku wa kabla yake, na wa kabla yake,
na kila asubuhi mimi nimeletewa: 1.

Võru anakaa baba.
Ana miaka themanini na mitatu na kishikwambi tulichompa Krismasi,
na hajui kurudisha sauti nyuma.
Anajua mshale mmoja tu, ule unaoangalia chini.
Anaubonyeza, anangoja, anasikiliza hadi dakika ya kumi na mbili
pale Tarvo anapoweka sikio kwenye mbao
na kunong'ona, "Kimya. Wapo."
Kisha anaubonyeza tena.

Nilikaa na ule mstari wa mia na kumi na mbili
mpaka chai ikaota utando.
Sikuufuta. Haujakosea: msikilizaji ni mmoja.
Ila chini kabisa, baada ya Hobart,
niliongeza safu ndogo: Yaliyotupwa.
Na ankara nikalipa.

Sasa nasoma kutoka chini kwenda juu.
31. 40. 27, huenda magoti yalimsumbua akalala mapema. 38.

Jumapili iliyopita iliandika sufuri.
Nilipiga simu nikiwa pekupeku, sakafu baridi kama bati.
Ikaita mara saba.
"Nililala," akasema baba,
kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.
"Usiku kucha. Kwani kuna ubaya?"